Ungo wa Uwele Niliousahau Makusudi

Jumapili, mwezi wa sita. Nzuguni, mchana.

Upepo wa leo ni ule wa Dodoma wenyewe, unaokausha nguo kwenye kamba kwa nusu saa kisha unazirudishia vumbi lote ulilolitoa. Nimefua mara mbili. Nimedeki mara mbili. Baba Nasra ameniangalia, akachukua redio yake akaenda kukaa kwa jirani. Nimebaki mimi na simu, nikaona bora niandike kabla sijaanza kushusha mapazia.

Mimi ni mtu wa kushuku. Wanaopita hapa mara kwa mara wanajua. Muuza nyanya akiniongezea moja bila kuombwa, nageuza fungu zima kuangalia za chini. Nadhani ni kazi iliyonifanya hivi, maana miaka kumi na minne ya kusahihisha madaftari ya darasa la sita humwondolea mtu imani. Watoto wawili wakipata jibu sahihi, sina neno. Lakini wakikosa kosa lile lile, kwa maneno yale yale, najua walikaa dawati moja.

Wiki hii nimeshuku watu mpaka nimechoka.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: kwetu ni Kondoa, upande wa Busi. Kijiji chenyewe sitakitaja. Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita na mimi ni mtoto wake pekee. Aliacha nyumba, na aliacha shamba la bondeni, ambalo tangu afariki linalimwa na mdogo wake, baba mdogo Iddi. Mwaka huu kijiji kinapimiwa mashamba. Kila mtu anatembea mipaka yake pamoja na majirani, wakikubaliana linaandikwa, na mwisho anapewa hati ya hakimiliki ya kimila. Shamba letu lilikwama. Jirani mmoja, Mama Petro, mjane wa umri wa marehemu mama yangu, alisimama mbele ya wapimaji akasema hilo si letu. Akasema tuliliazima kwa mume wake.

Baba mdogo alinipigia Jumatatu. "Mwalimu, huyu mama anataka kutunyang'anya jasho la baba yako. Baraza la ardhi linakaa Jumamosi, uwepo. Na usiwe na wasiwasi, jina lako nimeliandika la kwanza kwenye fomu."

La kwanza!

Kwenye ukoo wetu mtoto wa kike haandikwi wa kwanza popote, labda kwenye zamu za kupika msibani. Shamba la babu lilipogawanywa, baba mdogo huyu huyu alisema mimi nimeolewa, nina kwangu. Hapo ndipo ningetakiwa kushuku. Mimi ninayegeuza mafungu ya nyanya! Badala yake nilifurahi, na ninaliandika hili ili nione aibu vizuri. Nimepanga vyumba viwili hapa Nzuguni tangu niolewe. Sijawahi kusimama mahali nikasema kuanzia hapa mpaka pale ni kwangu. Siku ile nilipika huku naimba, mpaka Nasra akaniuliza kama tunahama.

Shuku zangu zote nikazielekeza kwa Mama Petro. Nilijiuliza, kama shamba ni lake, kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo? Kwa nini amekumbuka leo, hati zilipokuja? Nani yuko nyuma yake? Niliandika maswali yangu kwenye daftari kama naandaa mtihani, na kila nilipoyasoma niliona yanamfunga.

Nilisafiri Ijumaa. Nilipofika, baba mdogo alinichinjia jogoo.

Hajawahi kunichinjia jogoo. Siku ya arusi yangu alikuja amechelewa, akala, akaondoka. Juzi akawa ananikatia firigisi kwa mkono wake na kuniita mwanangu kila baada ya tonge. Niliila ile firigisi, lakini nilianza kuhesabu ameniita mara ngapi.

Jioni tulikwenda bondeni. Mawele yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelala. Kwenye mpaka wa upande wa barabara kulikuwa na mijohoro, mstari mzima, imefika mabegani kwangu.

"Hii nani kapanda?"

"Mimi. Mwaka juzi. Ukishapanda miti, hakuna wa kukuuliza."

Sasa lazima nieleze jambo, maana mtu wa mjini anaweza kuona miti ni miti tu. Kwetu ukiazima shamba unapanda kinachovunwa msimu huo huo. Uwele, mtama, karanga, alizeti, ruksa. Mti hupandi. Mti utakuwepo baada yako, na aliyeupanda ndiye atakayeitwa mwenye shamba. Hakuna anayefundishwa hili kwa kukalishwa chini, unakua nalo. Baba mdogo alilijua alipokuwa anachimba yale mashimo, na kila aliyepita barabarani akaona miche alielewa anachofanya.

Na mimi nikakumbuka kwamba baba yangu hakupanda mti hata mmoja pale. Baba yangu! Mtu aliyejaza nyumba mipapai na milimao, aliyekwenda kwa watu na miche ya mwarobaini bila kuitwa. Mama alimsihi miaka mingi apande mipapai bondeni kwa sababu kule kuna unyevu. Alijibu, "Pale hapana," na mazungumzo yakaishia hapo.

Niliitazama ile mijohoro nikasema imependeza.

Jumamosi baraza lilikaa darasani, kwenye shule niliyosoma mwenyewe. Wajumbe walikaa mbele, sisi kwenye madawati ya watoto, magoti yametugusa videvu. Mama Petro alikuja na binti yake, ambaye amerudi kutoka kwenye ndoa na watoto watatu. Hilo nililisikia pale pale: kipande chao cha juu kimeliwa nusu na korongo, na mvua zikianza binti hana pa kutupa mbegu. Nilimwamkia mama. Akaitikia, akaniuliza hali ya Nasra kwa jina. Nikashuku hata hiyo. Nikajiuliza jina la mwanangu kalijuaje, amelitafuta kwa nani? Nikasahau kwamba alikuja kwenye arobaini ya baba na alimbeba Nasra mgongoni siku nzima.

Alizungumza kwa utulivu. Baba mkwe wake alitokea upande wa Farkwa, wao ni Wasandawe, alilikuta lile bonde pori akalifyeka. Baadaye korongo lilikula shamba la baba yangu kule mlimani, na mume wake akampa bonde alime, ajikimu. "Hatukuandikishiana. Nani alikuwa anaandikishana? Tulikuwa tunajuana."

Baba mdogo akasimama. "Waheshimiwa, hawa walikuja hapa na pinde na mizinga ya nyuki. Hawakuja na shamba!"

Watu walicheka. Warangi na majirani zetu tunataniana, ni kawaida, na mimi nilicheka kidogo. Mama Petro anacheka sana kwenye utani, namjua. Jana hakucheka. Aliangalia mikono yake mpaka darasa likatulia.

Wakaitwa mashahidi wetu wawili. Wa kwanza, mzee wa makamo ambaye shamba lake linapakana na letu, alisema, "Marehemu alilifyeka pori lile mwenyewe, mwaka ule aliooa, na halijawahi kuwa na mgogoro wowote wa kimipaka." Nikajiambia sawa. Akaja wa pili. "Marehemu alilifyeka pori lile mwenyewe, mwaka ule aliooa, na halijawahi kuwa na mgogoro wowote wa kimipaka."

Nilinyanyua kichwa kama nimeitwa.

Kwanza, hakuna mkulima kijijini kwetu anayesema "mgogoro wowote wa kimipaka". Huyo ni baba mdogo, ndiye anayependa maneno ya ofisini. Pili, mwaka aliooa baba, sisi tulikuwa tunalima mlimani. Mimi nilizaliwa tukilima mlimani. Nilikuwa darasa la pili mvua zilipokata lile shamba katikati, na nakumbuka mama akisimama ukingoni mwa korongo akilia, na mawele yetu yako ng'ambo hayafikiki. Bondeni tulishuka baada ya hapo. Mashahidi wawili, kosa moja, neno kwa neno. Kama ni madaftari, ningeyaweka pembeni yote mawili na kumwita aliyewaandikia.

Aliyewaandikia alikuwa amekaa kando yangu, amenishika bega.

Mwenyekiti akamuuliza Mama Petro kama ana ushahidi wowote. Akasema anao mmoja. Kila mavuno, kabla nyumba yetu haijaonja uwele mpya, baba yangu alikuwa anapeleka ungo wa uwele kwao. Ndiyo ilikuwa alama kwamba shamba bado lina mwenyewe na anayelima anamtambua. "Alipofariki, mavuno yaliyofuata ungo haukuja. Nikasema wana msiba. Mwaka uliofuata nikasema mtoto yuko mjini, huyu mdogo mtu pengine hakuambiwa. Nilipoona miti ndipo nikajua."

Maswali yangu yote ya kwenye daftari yalikuwa yamejibiwa hapo.

Baba mdogo hakutikisika. "Hiyo ilikuwa sadaka! Tuliwapa kwa kuwahurumia. Leo sadaka imekuwa hati?"

Mama Petro akanigeukia mimi. Alinyoosha mkono, bila hasira. "Aliyekuwa analeta ungo ni huyu. Muulizeni."

Darasa zima likanigeukia. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe ni msomi wetu, baraza linakutegemea. Unakumbuka jambo hilo?"

Nilisema, "Nilikuwa mdogo. Sikumbuki."

Basi. Maneno matatu.

Nakumbuka. Nakumbuka kila kitu. Nilikuwa napewa ule ungo na mama, umefunikwa kanga, na naambiwa nisisimame kucheza njiani. Uwele mpya ulikuwa ndani ya nyumba, umeshatwangwa, maji yako jikoni, na baba anasema hakuna kusonga hapa mpaka ungo ufike kule. Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nakwenda karibu nakimbia ili turudi tule. Nikifika napiga magoti na kusema nilichofundishwa: "Baba anawasalimu, anasema shamba lenu halijambo." Mume wa Mama Petro alikuwa anachota kiganja kimoja, anakitafuna kikavu, kisha anasema, "Mwambie alime." Ungo nilirudishiwa na karanga ndani.

Sadaka haitangulii chungu cha nyumbani namna hiyo. Na hatukupeleka ungo kwa jirani mwingine yeyote, ingawa walikuwepo maskini kuliko wao. Nilifanya kazi hiyo mpaka namaliza la saba. Mtoto wa la saba si mdogo. Nina wanafunzi wa umri huo, na mmoja wao akiniambia hakumbuki alichofanya mwaka jana namwangalia tu mpaka akumbuke.

Jana jioni, njiani kurudi, nilitafuta pa kutokea. Ubongo wangu unaoshuku wengine ulinifanyia kazi nzuri sana. Labda baadaye mume wa Mama Petro alimpa baba shamba kabisa, wakiwa wazee wawili peke yao, wakapeana mikono. Labda ungo ulibaki kuwa heshima tu. Kwa muda fulani nililiamini hilo, hata nikapumua.

Halafu nikakumbuka simu. Mwaka aliofariki baba, baada ya mavuno, nilimpigia mara tatu hapokei, nikaingiwa na hofu kwa sababu alikuwa anaumwa mguu. Alipopokea alikuwa anahema. Akasema ametoka kupeleka ungo kule chini, amekwenda polepole na fimbo. Nikamgombeza, nikamuuliza kwa nini asimtume mtu. Akasema, "Wa kumtuma yuko Dodoma."

Basi hapo pa kutokea pakafungwa. Mzee alitembea na mguu ule kwa sababu alijua shamba ni la nani mpaka siku ya mwisho.

Baraza liliamua kwa haki kutokana na walichosikia, siwezi kuwalaumu. Mashahidi wawili upande mmoja, mama mmoja upande wa pili, na msomi hakumbuki. Shamba likatajwa kuwa letu. Mwenyekiti akasema majina yatabandikwa ofisi ya kijiji, na mwenye pingamizi ana muda wa kufika, muda huo ukipita hati inaandikwa. Baba mdogo akanikumbatia mbele za watu. Nilisikia harufu ya tumbaku na ya shati jipya. Akaninong'oneza, "Nilijua hutaniangusha, mwanangu," na ndipo nilipojua kwamba naye anakumbuka ungo. Alikuwa kijana mkubwa miaka ile, alikuwa anakaa pale jikoni akisubiri ugali kama mimi. Jina langu aliliandika la kwanza ili niseme nilichosema. Alinishuku, akaniwahi, na bei niliyojiuzia ni ndogo mno.

Nje, Mama Petro alinisubiri karibu na bomba. Nilidhani atanitukana na nilitamani anitukane. Akasema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Ila baba yako angekuja mwenyewe." Akashika mkono wa binti yake wakaondoka.

Nilipofika hapa Baba Nasra aliuliza, "Vipi, mmeshinda?" Nikamwambia tumeshinda. Akasema, "Mbona umerudi na sura ya matanga?" Nikamwambia vumbi.

Leo tangu asubuhi nimekuwa nikijiuliza maswali ya mtihani. Nikisema ukweli, baba mdogo atanitenga, na ndiye mzazi niliyebaki naye. Atazunguka nyumba zote kusema mtoto wa kike kauza ukoo. Wale mashahidi wawili wataaibika, na mmoja wao ana watoto niliowafundisha tuisheni. Mimi mwenyewe nitaonekana mwongo mbele ya baraza, mwalimu mzima. Na shamba sitapata, wala jingine sitapewa. Nisiposema, nitapewa karatasi yenye jina langu na mhuri, na binti wa Mama Petro atapita kando ya mijohoro ile kila siku kwenda kuomba vibarua.

Ninaitaka ile karatasi. Sijaacha kuitaka hata sasa ninapoandika. Nadhani ningeandika kwamba nimeacha, mngenishuku, na mngekuwa sahihi.

Saa saba nilimpigia mtendaji wa kijiji. Nikamwomba radhi kwa kumsumbua Jumapili. Nikamuuliza kama mtu ambaye jina lake liko kwenye fomu ya maombi anaruhusiwa kuleta pingamizi.

"Mwalimu, sijakuelewa. Pingamizi dhidi ya nani?"

"Dhidi ya maombi yetu. Mimi na baba mdogo."

"Yaani unataka kujipinga mwenyewe?"

"Ndiyo. Nimekumbuka jambo."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Akasema haijawahi kumtokea, lakini haoni kinachozuia, ila lazima nifike mwenyewe, niandike kwa mkono wangu na nisome mbele ya baraza. Baba mdogo atakuwepo. Mama Petro pia ataitwa. Nikasema nitafika kesho. Akasema ananisubiri, kwa sauti ya mtu asiyetegemea kuniona.

Nami sina uhakika kama ataniona. Ndiyo sababu naliweka hili hapa hadharani, na si kwenye daftari ambalo naweza kulifungia kabatini. Najijua sasa. Asubuhi nitaamka nikiwa na kichwa kinauma, au Nasra atakuwa na mafua, au nitakumbuka nguo hazijapigwa pasi, na kila sababu itakuwa nzuri na ya kweli.

Gari la Kondoa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mnaoishi huku Nzuguni, mkiniona hapa kesho saa nne, msinisalimie. Niulizeni nafanya nini.